Rula ya Saa Moja na Nusu

"Mstari mwekundu humleta mtu, haumleti mwalimu." Methali hii ilianza hivi, vijana wangu, na kwa kuwa mmeisikia leo mkaja kuniuliza, mmefika penyewe. Rula iliyopiga mstari huo ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa mwalimu mkuu kule milimani Upare. Kila asubuhi walimu walisaini daftari la mahudhurio, na ikifika saa moja na nusu nilipiga mstari kwa wino mwekundu. Aliyechelewa alisaini chini yake. Nilijiona kiongozi hodari, kumbe hodari wa rula tu.

Mwalimu Nakijwa wa darasa la kwanza alifundisha kuhesabu kwa nyimbo. Sauti yake ilifika ofisini, nami nikajikuta nahesabu pamoja na watoto. Kisha akaanza kuchelewa. Siku tisa mfululizo alisaini chini ya mstari. Sikumwuliza neno, nililisoma jina lake kikaoni mbele ya wenzake.

Kesho yake akawahi, na kila siku baada ya hapo. Nilifurahi wiki mbili nzima, hadi nilipogundua kwamba sisikii tena nyimbo. Nikaenda darasani. Watoto walikuwa wananakili tarakimu kutoka ubaoni, yeye amekaa anatazama nje dirishani.

"Mwalimu Nakijwa, mbona siku hizi huimbi?"

"Ulitaka niwahi, Mwalimu Mkuu. Nimewahi."

"Una nini lakini?"

"Mama amepooza. Nilikuwa namlisha uji kwanza ndipo nije. Sasa namwachia jirani, na jirani naye ana shughuli zake."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Niliona aibu. Toka siku ile kipindi chake cha kwanza nilikifundisha mimi, yeye amlishe mama yake. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Alikuwa ameshaomba uhamisho, na barua ikaja: amehamishiwa shule iliyo karibu na kwao.

Siku ya kuaga aliwaimbisha watoto kuhesabu hadi mia. Nilisimama nje ya mlango nikiomba hiyo mia isifike.

Jumatatu, saa moja na nusu, nilishika rula. Majina yote yalikuwa yamesainiwa, hata la mwalimu mpya wa darasa la kwanza. Nikatega sikio. Kimya. Nikaiweka rula mezani, nikawaambia walimu waliokuwapo:

"Mstari mwekundu humleta mtu, haumleti mwalimu."