Kigoda Kimoja kwenye Jiko la Chumvi

Hapo zamani, sikilizeni vizuri, palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi, na mwenye chemchemi aliitwa Lugusha. Wanawake walimchemshia maji hayo mpaka yakauke, ibaki chumvi. Jua linachomoza wamesimama wanakoroga, jua linatua wamesimama wanakoroga. Lugusha alikataza kukaa. Alisema anayekaa kazini ni mvivu.

Kalunde alikuwa mmoja wao. Kazi yenyewe aliipenda. Chumvi yake ilitoka nyeupe, sokoni watu wakaiulizia. Lakini alifika nyumbani miguu imevimba, na mwanawe akitaka kubebwa, alimwambia kesho. Ikawa kesho kila siku, mpaka mtoto akaacha kuomba. Hilo lilimuuma Kalunde kuliko miguu.

Siku moja Milembe, mwenye mimba kubwa, alikaa juu ya figa. Lugusha akamwamuru Nyanzala, msimamizi, amfukuze. Nyanzala kazi yake ilikuwa ya kivulini, tena ya kukaa. Akaitupa fimbo ya usimamizi, akasema hafukuzi mjamzito, akaondoka na Milembe. Lugusha akaanza kutafuta msimamizi mwingine palepale. Ndipo Kalunde akaumwagia moto wake maji. Wenzake wakaona, wakazima yao yote, wakaenda zao.

Chumvi ikaadimika sokoni. Lugusha akawaita wote warudi, nao wakarudi. Yeye ambaye ukumbi wake umejaa viti alileta kigoda kimoja! Akakiweka katikati ya vyungu, akawaambia wachague wenyewe nani akikalie. Wengine wasimame kama zamani. Kisha akaenda kivulini, akakaa.

Milembe akasema, “Mimi ndiye niliyekaa, nyote mkiangalia chini.”

Nyanzala akasema, “Wewe ulichoka, dada. Mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa na kiti changu, nikakiacha kwa ajili yako.”

Kalunde akasema, “Mngeondoka wawili, angeleta wawili wengine. Moto ulipozimika ndipo alipotuona.”

Wale wengine wakauliza, je, wao walizima nini, majivu?

Kalunde akakitazama kile kigoda. Magoti yake yalikitaka, akaona aibu. Kisha akamtazama Lugusha akijipepea kule kivulini, akawasikia wenzake wakipandishiana sauti, akakasirika.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, amueni: je, nani alistahili kukaa?