Shahidi Upande wa Mnunuzi

“Shahidi hashiki ufunguo.” Mmemsikia shangazi yenu Tasiana akimwambia Yustina maneno hayo, mkaangua kicheko. Yustina kaja na habari zake tamu, kwamba yeye na mchumba wake wamepata kiwanja, na badala ya kupigiwa vigelegele akapigwa na methali. Sasa mnauliza imetoka wapi. Haikutoka kwa sungura na fisi. Imetoka hapa hapa mtaani kwetu Mashineni, na aliyeisema mara ya kwanza mimi nimekula wali wake. Basi kaeni, na wewe zima hiyo simu. Mambo yenyewe yalianza hivi.

Palikuwa na mwanamke anaitwa Leokadia, akipika wali na maharage nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na tangu siku hiyo maisha yake yakawa ya kubeba godoro. Alihamishwa kwa baba mdogo, akahamishwa kwa shangazi, akaja mjini, akahamishwa na mwenye nyumba wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Kitu kimoja tu alikitaka hapa duniani: asitokee tena mtu wa kumwambia, “Hama.”

Odilo, fundi baiskeli, alianza kama mteja wake. Akawa mteja wa kila siku, halafu akawa anapelekewa chakula kibandani, na mwisho chakula na mpishi wake wakahamia chumbani kwake. Barua ya posa haikuandikwa, wala mahari haikutajwa. Ndiyo hiyo nyinyi mnaita sogea tukae, na msijidai mmeianzisha nyinyi.

Leokadia hakuwa mjinga. Alimwuliza Odilo lini wataenda Mahenge kwa mama yake akajitambulishe. Odilo akamjibu, “Niende kwa mama mkwe nikamwambie binti yake analala chumba cha kupanga? Tujenge kwanza.” Maneno hayo yalimwingia Leokadia moyoni. Mwanaume anayewaza paa kabla ya sherehe, utamtaka nini zaidi? Hakuuliza tena.

Wakaweka pamoja, chake na chake, ndani ya kopo moja la maziwa. Lilipojaa wakaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Ngalapa, pamoja na mzee aliyekuwa anauza kiwanja chake kule karibu na mfereji. Balozi akachana karatasi ya daftari, akavaa miwani, akaandika kwamba fulani amemuuzia Odilo kiwanja, mipaka yake ni hii na hii. Leokadia alikuwa ameketi kwenye kigoda, kopo liko mapajani mwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifungua.

“Muuzaji ana mashahidi wake wawili hawa,” balozi akasema. “Mnunuzi shahidi wake yuko wapi?”

Odilo akatazama kushoto na kulia. Ndugu zake wote walikuwa mbali. “Si huyu hapa,” akasema, akamwonyesha Leokadia.

“Na mimi je, si nanunua?” Leokadia aliuliza, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kuonekana mkorofi.

Balozi akacheka, tena kwa wema. “Mama, wewe na yeye si kitu kimoja? Mnunuzi ni baba wa nyumba. Weka jina lako hapa chini, mambo yaishe.”

Kitu kimoja! Neno hilo lilimfurahisha kuliko kiwanja chenyewe. Tangu amalize darasa la saba hakuna mtu aliyekuwa amemwomba aandike jina lake mahali pa maana. Akaliandika lote, polepole, na kule mwisho akaongeza kamkia. Balozi akasifu mwandiko. Juu ya jina hilo palikuwa pameandikwa: Shahidi upande wa mnunuzi. Alilisoma, msifikiri hakulisoma. Alilisoma na akaona ni heshima.

Basi ikaanza kazi. Udongo ulichimbwa pale pale kiwanjani. Odilo alifyatua matofali Jumapili mbili tatu, halafu mgongo ukamuuma. Yaliyobaki aliyafyatua Leokadia na wanawake wenzake wa mashineni. Kuchoma akachoma yeye. Pumba za mpunga alizibeba kichwani kila jioni akishafunga jiko, mashine nzima ikimtania, “Leokadia, umefuga ng’ombe?” Naye akijibu, “Nafuga nyumba!” Tanuri lilimuunguza mkono wa kulia, ngozi ikabaki imekunjamana hadi kiwiko. Odilo alinunua milango na bati, hilo tusimdhulumu. Vyumba vitatu, baraza, na jiko la nje. Siku ya kuhamia, Leokadia alifagia, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wakaishi humo miaka sita. Mtaa mzima ulimwita mke wa Odilo, hata padri alimsalimia hivyo. Watoto Mungu hakuwajalia. Mwaka wa saba Odilo akaitwa kwao, mama yake anaumwa. Alikaa miezi miwili. Aliporudi alikuwa na kaka yake mkubwa, na hakumtazama Leokadia usoni.

“Kwetu wamenitafutia mke,” akasema. “Matangazo yameshasomwa kanisani.”

“Mke? Na mimi ni nani?”

Odilo alikuwa ameshika mnyororo wa baiskeli, anaufuta mafuta kwa kitambaa. “Leokadia, tusidanganyane. Mimi na wewe tulikuwa tunaishi tu.”

Tunaishi tu! Wajukuu zangu, nimesikia matusi mengi katika umri huu, ya walevi na ya wake wenza, lakini tusi kama hilo sijalisikia. Na alilisema kwa upole, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Wiki haikuisha, Leokadia akatoka mashineni na kukuta kufuli jipya mlangoni. Godoro lake limeegemezwa ukutani, nje.

Hakupiga kelele. Alienda baraza la kata. Siku ya shauri alivaa kitenge chake kizuri, kwa sababu aliamini kabisa kwamba watu wazima wakikaa na kusikiliza, haki itapatikana. Aliwaeleza yote, kopo, pumba, tanuri, akawaonyesha na mkono. Mwenyekiti wa baraza alimsikiliza hadi mwisho.

“Mama, wewe ni mke wa huyu bwana?”

“Ndiyo, mzee.”

“Wa ndoa gani? Ya kanisani, ya bomani, au ya kimila?”

Leokadia akamgeukia Odilo. Odilo alikuwa anatazama viatu vyake.

“Haya. Kama si mke, basi labda ni mnunuzi mwenzake.” Mwenyekiti akainua ile karatasi ya daftari. “Mwandiko huu unaujua?”

“Ni wangu.”

“Umesaini kama nani?”

Alitaka kuwaambia juu ya kopo, lakini alikuwa ameshawaambia juu ya kopo. Balozi Ngalapa angesema, lakini balozi Ngalapa alikuwa kaburini mwaka wa nne. “Kama shahidi,” akasema.

“Shahidi wa nini?”

“Kwamba Odilo amenunua.”

“Kwa hiyo wewe mwenyewe, kwa mkono wako, umethibitisha kiwanja ni chake.”

“Mzee, mkono wangu ndio huu! Utazame!”

“Tumeutazama, mama, na tunakuonea huruma. Lakini kama si mke na si mnunuzi, hayo matofali ulikuwa unamchomea kama nani?”

Palikuwa na mjumbe mmoja mwanamke, Bi Sesilia, akajitahidi. Alisema sheria inawatambua watu walioishi pamoja miaka miwili, wakajulikana kama mume na mke. Mwenyekiti akamjibu, “Hayo ni ya mahakama ya mjini, dada. Sisi hapa tunatazama karatasi.” Na Leokadia kweli alikwenda mjini, mara mbili. Shauri liliahirishwa mara zote mbili. Aliambiwa alete mashahidi. Wale wanawake waliofyatua naye matofali, waume zao waliwakataza wasijiingize katika ugomvi wa watu. Mara ya tatu hakwenda. Nani angemlaumu? Mimi nililaumu, na sasa najiona mpumbavu, maana na mimi nilifyatua matofali yale, na mimi pia nilikatazwa.

Siku ile ile ya shauri, baraza la kata liliamua apewe vyombo vyake. Katibu akaorodhesha: sufuria tano, mwiko, vigoda viwili, godoro, ndoo. Akamsogezea kalamu.

Leokadia hakuishika. “Nasaini kama nani, baba?”

“Kama mwenye mali, mama.”

Akasaini. Mwandiko ulikuwa mbaya, hauna mkia wala nini. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo karatasi ya pekee iliyomwita mwenye mali, na mali yenyewe ilibebwa kwa toroli moja.

Bibi harusi aliletwa mwezi uliofuata, binti mdogo, hana kosa lolote. Siku hiyo tulikuwa mashineni, tunapepeta, na ngoma tunazisikia. Mmoja wetu, Mama Sabina, alishindwa kuvumilia. Akamwambia Leokadia, “Mwenzangu, hata kama wamekunyang’anya, nenda sasa hivi mbele ya wageni wake, mdai ufunguo! Aone haya! Nyumba ile nani asiyejua ni yako?”

Leokadia aliendelea kupepeta. Aliweka ungo chini, akautazama ule mkono wake, kisha akasema bila hasira, bila hata machozi, “Shahidi hashiki ufunguo, dada.”

Kabla ya masika alikuwa ameondoka Mashineni. Wengine wanasema alirudi Mahenge, wengine wanasema alionekana Mikumi akipikia watu wa malori, katika chumba cha kupanga. Mimi sijui. Nyumba ile ipo, mnapita mbele yake kila siku mkienda shule, na matofali yake hayajapata hata ufa.

Sisi tuliobaki tukalichukua neno lake, tukawa tunaambiana. Shangazi yenu hakumwonea wivu Yustina. Alikuwa anamwuliza jina lake limeandikwa wapi. Mnaona binti mwenyewe hajajibu. Ulisaini wapi, Yustina? Juu au chini?

Aa, usilie mbele ya wadogo zako. Shahidi hashiki ufunguo.