Mama Mkwe Kwenye Benchi la Kliniki

Kina mama, aliyechoka aegemee ukuta, maana mama wa mfano huu naye alichoka.

Alikuwa mama mkwe, magoti yamekwisha. Mke wa mwanawe alizika kichanga kilichozaliwa kwa miezi saba, na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu, presha ilimpanda mpaka akaanguka kifafa cha mimba. Mwaka na nusu ukapita, tumbo bapa. Na kila mwezi binti huyo anapanda kilima kwenda kliniki ya wajawazito. Jamani, bila mimba, anafuata nini kule? Msinitazame hivyo, hata ninyi mngeuliza.

Maneno hayakukawia. Anazuia uzazi. Anamzunguka mume. Mama akachoka kuyasikia, akamwambia mwanawe, "Pasaka ikifika hana tumbo, arudi kwao. Nitakutafutia anayezaa."

Ila mama alitaka kuona kwa macho yake. Siku ya kliniki akajitanda khanga, akamfuata kwa mbali, akipumzika kila penye jiwe. Alipofika, binti ameshaingia ndani. Akajibwaga kwenye benchi, sikio mlangoni.

"Presha imeshuka, mwanangu," nesi alikuwa anasema. "Ile dawa ya zamani tumeibadilisha, haifai kwa mtoto tumboni. Meza na vidonge vyako vya foliki kila siku, vya kumkinga mtoto atakayekuja. Presha ikitulia miezi miwili, daktari akikuruhusu, shika mimba."

"Nyumbani hawatangoja, nesi. Mume wangu anajua yote, ila kwa mama yake hana mdomo."

"Basi mwambie mama."

"Nitaanzia wapi? Akiniona tu anageuza uso."

Nesi akatoka, akamkuta yule mama mkwe anahema benchini. Akadhani ni mgonjwa, akamfunga kipimo mkononi.

"Bibi! Presha yote hii unatembea nayo? Umezaa wangapi?"

"Mmoja. Wawili walinifia tumboni."

"Miguu ilivimba? Kichwa kikauma, macho yakaona nyota?"

"Yote hayo."

"Ya zamani siwezi kuyaapia, bibi. Lakini huyu binti aliyemo ndani alikuja na dalili hizohizo."

Mama akautazama mlango alimo binti. Wale watoto wawili, miaka thelathini alikuwa na hakika nani kawala: wifi yake, kwa kijicho. Alimnyima salamu mpaka wifi akafa. Na mazishini hakwenda.

Binti alipotoka, mama akashuka kilima ameshikwa mkono naye. Bombani wanawake wakaacha ndoo zinafurika.

"Umemfuma, shoga?"

"Nimejifuma mwenyewe," akasema. "Pasaka na ipite. Tutangoja."

Haya, mnaocheka, pale bombani sisi hatukuwepo? Mwenzetu mwenye presha, au aliyeteswa na mimba iliyopita, akienda kupimwa kabla ya kushika nyingine, nani anamhesabia miezi kama si sisi? Tumezika wangapi tukimtafuta mchawi, na kipimo kiko hapo juu kilimani? Mungu ametupa akili za kujiandaa, sisi tunazimalizia kwenye umbea. Na mimi nimo, tena mstari wa mbele.

Nimechoka kuimba kwenye mazishi ya wazazi vijana, kina mama. Jumatatu kliniki iko wazi. Mkimwona mwenye tumbo bapa anapanda kile kilima, fungeni midomo. Na mwenye magoti mazima amsindikize.