Skonzi za Nakiete na Zimwi

Hadithi, njoo tukusikie!

Mjane Nakiete alikanda skonzi tamu siku ya kipupwe, lakini kwa baridi kinyunga kiligoma kuumuka. Mara zimwi likaingia.

"Nimekuja kukula, bibi!"

Nakiete aliona tumbo la zimwi linafuka mvuke kwa joto.

"Mimi mifupa tu, baba. Pakata sufuria hii ya kinyunga, upate kitamu zaidi."

Likapakata. Kinyunga kikaumuka kidogo, likashangaa. Kikaumuka tena, likacheka. Mara ya tatu kikainua kifuniko.

"Kinapumua kama mtoto!" zimwi likashangilia.

Skonzi zilipoiva, likala kumi na mbili, likalamba vidole.

"Bibi, kesho utakanda tena?"

"Ukileta unga."

Zimwi likatoka mbio kutafuta unga. Nakiete akacheka mpaka akakaa chini.

Hadithi imeiva, tuiepue.