Hodi ya Chumba cha Nyuma

Tandikia aliyemo, ajaye atakalia.

Mmeisikia leo asubuhi, mama yenu akimwambia Raya, baada ya kuliona lile shuka jipya limekunjwa na kurudishwa sandukuni lisubiri wageni wa Iddi. Mmeniuliza imetoka wapi. Wengine watawaambia ni maneno ya wahenga, na pengine siku moja itakuwa hivyo. Lakini aliyeisema mimi nilimjua. Alikuwa jirani yetu, Bi Mize binti Faki, na siku aliyoisema mkono wake ulikuwa umeushika wangu. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mize na mumewe, Mzee Kombo, walikaa nyumba ya mwisho kabla ya kisima. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, chumba cha mbele na cha nyuma, na jiko la kuegemeza upande wa nyuma. Mzee Kombo alikuwa mchumaji wa karafuu. Miaka arobaini alipanda mikarafuu bila kuteleza, mpaka msimu mmoja tawi likakatika. Hakufa, lakini kiuno kilivunjika, na tangu siku ile hakusimama tena. Wakamlaza kitanda cha kamba katika chumba cha nyuma, kwa kuwa ndimo alimokuwa akilala siku zote. Dirisha la chumba kile lilitazama jiko. Moshi wote ulipitia humo, na kuta zilikuwa nyeusi kama sufuria.

Walikuwa na watoto wawili. Time, binti wa miaka kumi na saba, ndiye aliyemwosha baba yake, akamgeuza, akamchua mafuta asubuhi na jioni. Na Shaame, mkubwa, aliyekuwa bara katika mashamba ya mkonge mwaka wa sita. Shaame aliondoka nyumbani kwa maneno. Alisema amechoka kuishi ndani ya moshi. Mama yake hakuyasahau maneno yale.

Basi mwaka ule, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, mtu aliyetoka bara alileta salamu: "Mwambieni mama, Iddi hii niko nyumbani."

Nataka mwelewe alivyofanya Bi Mize, maana hakuwa na kitu, na chumba alichokitengeneza sijaona mfano wake. Alianza na kuta za chumba cha mbele. Alizikwangua, akazikandika upya kwa udongo laini, zilipokauka akazipaka chokaa mara mbili kwa brashi ya makumbi ya nazi. Akakata kanga yake ya zamani, ile sehemu ambayo haijapauka, akashona pazia la mlango. Akapanda mrehani katika makopo matatu ya maziwa, akayapanga chini ya dirisha. Alikuwa na kipande cha udi kilichobaki tangu harusi yake, kimefungwa kitambaani, na chupa ya marashi ambayo haijafunguliwa. Vyote akaviweka juu ya kijirafu, tayari.

Kisha mkeka. Ukindu tulikwenda kuukata pamoja, mimi na yeye. Tukauanika, tukauchana, tukauchemsha na rangi nyekundu na ya urujuani. Kitu pekee alichonunua kwa mkeka huo ni hiyo rangi. Ukili aliusuka mwenyewe, mchana akiwa amefunga, na kuushona akaushona mwenyewe. Mkeka ulipokamilika, tuliutandika juu ya sakafu tukasimama mlangoni kuutazama. Hakuna aliyetaka kuukanyaga. Ungedhani ni chumba cha bibi harusi.

Nilimuuliza, "Shoga, na Mzee Kombo humpitishi hata akakione?"

Akasema, "Atakiona siku ya Iddi, mwanawe akiwa ndani."

Iddi ndogo ikaja. Bi Mize aliketi barazani tangu watu walipotoka kusali hadi jua lilipoinama. Shaame hakuja. Bi Mize aliingia, akaukunja mkeka, akaufunga kamba, akaupandisha darini usikusanye vumbi. Akavuta mlango wa chumba cha mbele, akaufunga kwa kamba, akawa anaufungua asubuhi tu kumwagilia mrehani. "Ruhusa haikupatikana," akasema. "Atakuja Iddi kubwa."

Baina ya Iddi hizi mbili ni miezi miwili na siku kumi. Ndani ya siku hizo ndimo ilimo methali yenu.

Siku moja, kiasi cha saa nne asubuhi, tulikuwa barazani mimi, Bi Mize na Time, tunachambua mchele. Tukasikia sauti kutoka ndani.

"Hodi. Hodi wenyewe."

Bi Mize akainua uso. "Nani huyo?"

"Mgeni."

"Mgeni kutoka wapi?"

"Kutoka mbali, chumba cha nyuma. Nimesikia hapa pana chumba kizuri."

Tulicheka sote. Mzee Kombo alikuwa mtu wa mzaha tangu ujana wake.

"Karibu, mgeni," Bi Mize akamjibu, "ila chumba kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Basi nimshikie nafasi. Nitakaa upande mmoja tu. Siku hizi mimi mwembamba, mkeka sitaumaliza."

"Baba Shaame, na wewe. Kwa mafuta yako hayo ya kuchua? Mkeka utakaliwa na nani tena?"

Mzee Kombo akasema, "Mkeka huo umelala pazuri kuliko mimi. Na wala hauumwi kiuno."

Tukacheka tena. Time peke yake aliacha kucheka. Akauweka ungo chini akamwambia mama yake, "Mama, si tumhamishie tu? Chumba kimekaa bure. Kule kuna hewa, ataona watu wakipita. Kaka akija tutakipaka chokaa tena."

"Kwa chokaa ipi?"

"Nitaitafuta mimi."

Bi Mize alimjibu kwa upole. Sitaki mdhani alikuwa mkali. Alisema, "Mwanangu, kaka yako aliikimbia nyumba hii kwa moshi. Akiingia akakuta mgonjwa na harufu ya dawa chumba cha mbele, atalala siku mbili arudi bara. Akikuta pazuri, atakaa. Akikaa, atampeleka baba yenu kwa daktari mjini. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Time akasema, "Na mwenyeji akifa kabla ya mgeni?"

"Usimtabirie baba yako."

Mazungumzo yakaishia hapo. Tukarudi kwenye mchele.

Mzee Kombo aliendelea kupungua. Alipata vidonda mgongoni. Hodi alizipiga siku mbili tatu nyingine, kisha akaacha. Siku moja nilimpelekea uji, Bi Mize yumo chumbani anamfunika. Nikamsikia mzee akimwambia, bila mzaha safari hii, "Mize, mkeka uache. Chumba kiache. Niletee kopo moja tu la mrehani, uliweke hapo dirishani. Nimechoka kunusa moshi."

Bi Mize akafikiri. Niliona anafikiri kweli. Akasema, "Moshi wa jiko utaukausha, Baba Shaame. Zimebaki siku kumi na mbili. Shaame akija kuukuta umekauka itakuwa hasara. Subiri kidogo."

Mzee Kombo akasema, "Haya."

Hakubisha. Alisema haya, akaugeuza uso akatazama ukuta.

Kesho yake Time aliifungua ile kamba ya mlango, akachuma majani matatu ya mrehani, akayafikicha viganjani mwa baba yake. Mzee alishinda siku ile mikono iko usoni. Jioni Bi Mize aliliona shina lililochumwa, akauliza ni nani aliyeingia kule.

"Mimi," Mzee Kombo akasema kitandani. "Niliinuka nikatembea, nikachuma, nikarudi. Hamkuniona?"

Hilo ndilo lililokuwa pambo lake la Iddi, majani matatu. Na huo ndio mzaha wake wa mwisho niliousikia mimi.

Alifariki siku ya Arafa, asubuhi, Iddi kubwa ikiwa kesho.

Sasa sikilizeni vizuri. Maiti haiwezi kuoshwa wala kukafiniwa katika chumba kidogo chenye giza. Wanaume walipokuja waliuliza, "Mbele kuna nafasi?" Time akaenda akaikata ile kamba ya mlango kwa kisu. Wakambeba baba yake, wakamwingiza katika chumba cheupe. Walipomaliza kumwosha, mmoja akaomba udi. Udi ulikuwapo, juu ya kijirafu. Akaomba marashi ya kunyunyizia sanda. Chupa ikafunguliwa. Mwingine akauliza kama kuna mrehani wa kupanda kaburini. Yakatolewa makopo yote matatu, mabichi kabisa, hakuna hata jani lililonyauka.

Jeneza lilipokwisha kutoka, wanawake tukaingia kukaa matanga, na pa kukaa hapakutosha. Nikapanda mimi darini, nikauteremsha mkeka, nikaufungua. Rangi zake zilikuwa mpya kama siku ile. Wakaukalia.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa kijiji cha pili, hakuzijua habari za nyumba ile. Alitazama kuta, akatazama pazia, akavuta harufu ya udi. Akamwambia Bi Mize kwa kumliwaza, "Shukuru Mungu, dada. Marehemu mlimuweka mahali pazuri."

Nilidhani Bi Mize atalia. Hakulia. Alikaa akiitazama ile chokaa kama mtu anayesoma.

Siku ya tatu, tumekwisha kusoma hitima, tukasikia mlangoni:

"Hodi. Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti ileile. Bi Mize akautazama mlango wa chumba cha nyuma, si wa mbele. Aliyejibu karibu ni Time.

Shaame akaingia, amekonda, na kifurushi kwapani. Habari alizipata njiani. Hakuangalia kuta. Hakuliona pazia, alilipita kwa bega. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa juu ya kile kitanda cha kamba, akaweka mkono pale palipobonyea.

Mama yake akamfuata akasimama mlangoni. "Njoo huku mbele, mwanangu. Huku kumetandikwa. Mkeka ni wako."

Shaame akasema, "Mama, mimi miaka sita nalalia magunia. Popote ningekaa. Nilikuja kumwona baba."

"Uliondoka kwa moshi."

"Niliondoka kwa ujinga." Kisha akauliza, "Alikuwa akilala humu siku zote hizi?"

Bi Mize akasema, "Humu."

Shaame hakumlaumu. Laiti angemlaumu. Alilala palepale kwenye kitanda cha baba yake siku saba, na ya nane akarudi bara. Bi Mize hakumzuia. Angemzuia kwa kitu gani?

Lakini kabla ya hapo, jioni ya siku ileile ya tatu, matanga yalipoanuliwa, wanawake walianza kutoka, nami nikainama niukunje mkeka niurudishe darini, kwa mazoea tu. Bi Mize akanishika mkono.

"Kazija, acha. Usiukunje."

"Utachakaa, shoga."

"Uchakae." Akamtazama Time, aliyekuwa amekaa kwenye kona, mikono bado ina harufu ya mafuta ya kuchua. Ndipo aliposema, polepole, kama mtu anayejifundisha herufi: "Tandikia aliyemo. Ajaye atakalia."

Usiku huo alimwambia Time alale juu ya ule mkeka, tena katikati. Time aliniambia baadaye kwamba alilala kwa kuwa aliambiwa, lakini mama yake alipopatwa na usingizi alisogea, akalala juu ya sakafu. Mkeka ule haukukunjwa tena. Ulikanyagwa, kuku wakaupita, mchwa wakauanza pembeni. Time aliolewa akaondoka. Kila Iddi Bi Mize alipaka chokaa chumba cha nyuma, mara mbili, na kupanga makopo ya mrehani dirishani, na chumba hakikuwa na mtu. Nilimkuta humo mara nyingi. Alikuwa akikaa chini, ananusa mikono yake.

Msiharakishe kumlaumu. Aliwapenda wote wawili, na yule aliye mbali sauti yake ilikuwa kubwa zaidi. Mimi pia nilikuwapo. Ile hodi niliisikia kwa masikio yangu, na nilichofanya nilicheka, nikaendelea kuchambua mchele. Neno moja langu huenda lingeifungua ile kamba ya mlango. Sikulisema.

Basi hiyo ndiyo asili yake. Raya, sikwambii ukafungue sanduku, mama yako ameshakwambia. Nakwambia tu kwamba chokaa, udi, mrehani na mkeka, vyote vilikuwamo ndani ya nyumba ile, na mtu alikuwa akivibishia hodi.

Tandikia aliyemo, ajaye atakalia.