Mkeka wa Riziki

"Ukili mmoja si mkeka." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe, mkaja mbio kuniuliza maana. Basi kaeni, na wewe uliyezoea kunikata kauli, nyamaza kidogo. Asili yake ni hii.

Alikuwepo mwanamke, Riziki, fundi wa kusuka. Ukili, mnajua, ni ule utepe uliosukwa kwa miyaa, majani makavu ya mkindu. Huungwa kwa kushonwa, mmoja kwa mmoja, hata mkeka ukatimia. Rangi ya zambarau aliyoichemsha Riziki kutia miyaa yake hakuna mwingine aliyeiweza. Mumewe, Makame, alimpenda mno, na tabu ilianzia hapo, maana alimwonea wivu hata mpiga hodi.

Siku moja Makame alipita kwa Asaa, kijana mpiga udi, akaona ukili wa zambarau umetundikwa ukutani. Hakuuliza. Alirudi nyumbani, akachukua panga, akamkuta mkewe uani.

"Ukili wako uko kwa Asaa. Umempa na nini kingine?"

Riziki aliliona panga. Aliogopa kufa, na zaidi aliogopa kufa na jina bovu. Lakini hakulia.

"Baba Mwanaidi," alimwambia mumewe, "kabla hujanihukumu, ningoje nishone."

Akawaita majirani. Wakaja wanawake sita, kila mmoja na ukili wake, wote wa zambarau. Wa mwisho alikuwa mama yake Asaa, ameshika ule uliotundikwa ukutani kwao. Ndiyo desturi yetu: mkeka mkubwa husukwa kwa kugawana, kila mtu kwake. Riziki ndiye aliyewapa miyaa aliyoitia rangi, kwa siri, ili mkeka uwe zawadi ya Idd kwa mumewe.

Wakashona pale pale, Makame kasimama na panga lake, hajui alipeleke wapi. Kila ukili ulikuwa na vipande vya herufi visivyosomeka. Ulipoungwa wa mwisho, maneno yakatimia.

"Soma, mwanangu," mama Asaa alimwambia Makame. "Kwa sauti."

"Sina mwingine ila Makame," akasoma, na panga likamdondoka.

Vigelegele vikapigwa mtaa mzima. Riziki akaliokota panga, akakata nalo miyaa iliyozidi ukingoni, kisha akamtwika mumewe mkeka auzungushe nyumba kwa nyumba akiusoma. Makame akaanzia kwa Asaa, kuomba radhi.

Makame alizeeka na mkewe juu ya mkeka ule. Na kila aliyemjia na umbeya wa mke wa mtu, alimjibu neno moja tu: ukili mmoja si mkeka.