Kura Tatu za Nyumba ya Bibi Tabitha

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Walikuwapo wanawake watatu wa nyumba moja katika kata ya Mwerenga, juu milimani kwenye mashamba ya tangawizi. Mkubwa wao alikuwa Bibi Tabitha, mjane, na yeye alijaliwa kumbukumbu: alimjua kila aliyezaliwa katika kata ile, na kila aliyekufa na kilichomuua. Binti yake wa kwanza, Nakijwa, alijaliwa macho. Aliona ugonjwa wa tangawizi kabla jani halijageuka njano, na aliona huzuni ya mtu kabla hawajasalimiana. Binti wa pili, Eliwaza, alijaliwa uvumilivu, na huo ndio uliokaribia kumuua.

Maana Eliwaza alikuwa mke wa Senkondo, diwani wa kata.

Huyo Senkondo tumseme kwa haki. Tangu zamani watu wa Mwerenga waliteremsha wagonjwa wao kwa machela, saa tano za kuteleza hadi barabara kuu. Bibi Tabitha aliweza kuwataja kwa majina wajawazito kumi na mmoja waliofia njiani. Senkondo alipopata udiwani aligombana na kila ofisi ya halmashauri, akashinda kwenye mabenchi yao bila kula, mpaka katapila likaletwa. Likachimba barabara kutoka chini, likapanda, zikabaki kilomita nne tu. Diwani wa kata jirani alikuwa akilitaka katapila hilohilo kila kukicha, na aliyelizuia lisiondoke ni Senkondo peke yake, kwa mdomo wake na ubishi wake.

Na huyohuyo alikuwa akimpiga mkewe. Kata nzima ilijua.

"Ya chumbani kwake ni yake," watu walisema. "Sisi tunataka barabara."

Aliyeshindana naye alikuwa Mwalimu Kiangi, mstaafu, mtu mpole ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Nyumbani kwake ulisikia kicheko. Lakini alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mabomba yalikaa stoo miaka sita, kwa kuwa aliona haya kuwakumbusha wakubwa.

Siku tatu kabla ya uchaguzi, Eliwaza alifika kwa dada yake akiwa ameushika mkono wake wa kushoto kama kitu cha kuazima. Nakijwa alikuwa uani anachambua tangawizi. Hakungoja salamu.

"Amekuvunja."

"Nimeteleza, dada."

"Unaniambia mimi hivyo, Eliwaza?"

Eliwaza akakaa juu ya gunia, akalia kimya kimya. "Amesema akishinda ndipo nitamjua vizuri. Anasema nimekwenda polisi mara mbili kumwaibisha, na nikienda mara ya tatu sitarudi kwa miguu yangu."

"Na polisi walikuambia nini?"

"Nisimharibie mheshimiwa jina wakati wa kampeni."

Ndani ya nyumba Yunisi, binti wa Nakijwa, alikuwa amelala ubavu, mimba yake ikiwa ya miezi saba na nusu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefia tumboni juu ya machela, kwenye mteremko uleule. Eliwaza alitazama mlango wa chumba kile, akashusha sauti.

"Dada, usimnyime kura kwa ajili yangu. Katapila likimaliza, Yunisi atafika hospitali. Mimi nimeshazoea."

"Hakuna anayezoea," Nakijwa akasema, akavua kanga ya begani akaufunga ule mkono shingoni.

Kesho yake Nakijwa alimfuata mama yake jikoni akamwuliza ampigie nani kura. Bibi Tabitha alikuwa anapuliza moto, hakugeuka.

"Usiniulize, Nakijwa. Mmoja nimemzaa mimi, mwingine umenizalia wewe. Unataka nikutajie yupi afe?"

Siku ya kura walipanda pamoja hadi shuleni, kila mmoja na kadi yake.

Eliwaza aliingia wa kwanza, mkono umefungwa shingoni kwa kanga. Alimfikiria Yunisi na barabara, akashika kalamu kwa mkono uliobaki mzima, akampigia kura mumewe.

Bibi Tabitha aliingia wa pili. Aliziangalia zile picha mbili kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, na kumbukumbu yake ikamletea wote: wale kumi na mmoja wa mteremkoni, na wanawake wengine, aliowajua yeye, waliozikwa na michubuko ikasemwa ni homa. Akakunja karatasi bila kuiwekea alama, akaitumbukiza sandukuni.

Nakijwa alikaa kwenye kile kibanda cha kupigia kura hadi msimamizi akamwita, "Mama, wenzako wanasubiri!" Akipeleka kalamu kwa Senkondo aliuona mkono wa mdogo wake. Akiipeleka kwa Mwalimu aliliona tumbo la mwanawe. Akawaza kwamba mtoto wa Yunisi huenda akazaliwa salama hata bila barabara, wengi wamezaliwa hivyo, lakini Eliwaza hana bahati ya kungojea. Akaweka alama kwa Mwalimu Kiangi.

Matokeo yakabandikwa. Kiangi mia nane na sita. Senkondo mia nane na tano.

Watu walishangilia, wengine wakalia. Nakijwa hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama mbele ya karatasi ile akiisoma upya na upya, akijua kuwa ile moja ni yake.

Siku ya tisa baada ya matokeo polisi walimfuata Senkondo, maana hakuwa tena mheshimiwa. Eliwaza akapelekwa hospitali akapigwa picha za mifupa. Mbali na mkono, mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, moja ikiwa imeelekea kwenye pafu. Daktari akamwambia Nakijwa, "Angepigwa mara moja tu zaidi, mngekuwa mmekuja kuchukua maiti." Eliwaza akarudi kuishi kwa mama yake, na baada ya wiki moja Nakijwa alimsikia akiimba akifua nguo. Hakuwa amemsikia akiimba tangu aolewe.

Baada ya diwani mpya kuapishwa, katapila likageuzwa, likapelekwa kata jirani. Mwalimu Kiangi aliandika barua nzuri, yenye muhuri. Haikujibiwa, naye akaona haya kufuatilia.

Yunisi alipangiwa kuteremka Jumatatu akakae karibu na hospitali kungojea siku zake. Uchungu ukamjia Alhamisi iliyotangulia, asubuhi, mvua ikimwagika. Mumewe Ombeni na wanaume watano wakambeba kwenye machela. Nakijwa alikwenda pembeni, amemshika mkono, akiteleza na kuinuka. Walipofika pale katapila lilipoishia, Yunisi akajifungua juu ya magunia. Mtoto wa kike, akalia palepale. Lakini damu ya mama yake haikukatika. Gari lilipigiwa simu, nalo lilikuwa mbali.

"Mama," Yunisi akauliza, "barabara ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mwanangu. Tumefika."

Alifariki kabla mlio wa gari haujasikika.

Baada ya maziko Ombeni alikuja kwa Bibi Tabitha na mtoto kifuani. Yeye alikuwa kibarua wa machimbo ya mbali, hangeweza kulea kichanga. Akasimama mlangoni, macho mekundu, akawatazama wale watatu.

"Nitamwacha kwa yule aliyetaka mama yake aishi," akasema. "Niambieni. Mlimpigia nani kura?"

Eliwaza akasema, "Mume wangu. Kwa ajili ya Yunisi."

Bibi Tabitha akasema, "Sikumpigia yeyote. Sikuweza kumtoa mmoja nimwokoe mwingine."

Nakijwa alijua kwamba kura ni siri, na kwamba neno moja la uongo lingempa mjukuu wake. Akafungua mdomo. "Mwalimu," akasema. "Nilimpigia Mwalimu."

Ombeni akarudi nyuma hatua moja.

"Mkwe wangu, usimtazame hivyo!" Eliwaza akapaza sauti. "Kama si yeye, mimi ningekuwa chini ya udongo. Mpe yeye."

"Wewe ulimpenda Yunisi kuliko nafsi yako," Nakijwa akamjibu mdogo wake. "Mchukue wewe. Mimi sistahili hata kumshika."

"Na nyinyi nyote wawili," Bibi Tabitha akasema, sauti yake ikikwaruza, "mlisukumana hadi mkafutana. Mmoja huku, mmoja kule. Iliyobaki ni karatasi yangu mimi, na niliitoa tupu. Mkitafuta wa kulaumiwa, nipo."

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Maziwa yalikuwa tayari jikoni, kikombe na kijiko vimeoshwa, na mikono mitatu iliinuka kumpokea, kisha yote mitatu ikashuka.

Ombeni bado amesimama mlangoni, hajui ageukie wapi. Basi wewe unayenisikiliza, mtoto huyu ungemkabidhi nani? Na kabla hujanijibu, ingia kwanza kwenye kile kibanda pale shuleni, ushike kalamu. Wewe ungeweka alama wapi?